Lebo ya Nanasi, Jamu ya Mapera

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja niliyochekwa na duka zima, na siku hizi nikiikumbuka nacheka mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa bibi harusi mpya kutoka Mombasa, naishi Kileleshwa, Nairobi, na mpera wa uani ulizaa hadi ukatushinda. Nikapika jamu. Hamu yangu ilikuwa moja tu: iuzwe dukani kwa Mzee Shee, katikati ya mji. Lakini Mzee Shee hakupokea chupa isiyo na alama ya ubora. Basi mimi, mjanja wa wajanja, nikaloweka chupa tupu za jamu ya kiwandani, nikabandua lebo zenye alama na kuzibandika kwenye zangu. Nikajipongeza!

Mzee Shee akavaa miwani, akafungua chupa moja mbele ya wateja, akaonja kijiko kimoja.

"Binti yangu," akasema, "nanasi gani hili lenye mbegu za pera?"

Nilikuwa nimetazama alama tu; kumbe lebo zote zilikuwa na picha ya nanasi! Karani aliyekuja kununua sukari alishika mbavu kwa kicheko, na duka zima pamoja naye. Nilitamani ardhi inimeze.

Wateja walipotoka, mzee hakucheka tena. "Jamu yako tamu. Lakini mtoto wa watu akiumwa tumbo, ataulizwa mwenye kiwanda, nawe utanyamaza. Alama hii ni ahadi ya mwenzako. Nenda ukatoe ahadi yako mwenyewe."

Nikaenda ofisi ya viwango kuomba alama yangu, nikilia njia nzima. Mkaguzi akaja, Bwana Njoroge, mpole.

"Mama, jikoni iko safi sana. Lakini hizi chupa, huwa unachemsha?"

Nilikuwa nazisuuza tu. Nusura niwalishe watu hivyo hivyo! Nikajifunza kuzichemsha, kuzifunga jamu ikingali moto, na kuandika siku niliyoipika. Nilikataliwa mara mbili. Siku nilipokubaliwa, nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna harusi. Nikawakaribisha chapati na jamu.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu ilikomea kwenye kijiko kimoja. Usijifiche nyuma ya jina la mwenzio, hata kama chako ni kitamu. Ukinunua, tazama alama, kisha tazama na kilichomo. Ukipika, pika kitu ambacho hutaogopa kikirudishwa mlangoni kwako.

Mungu aibariki mikono yako, akupe riziki ya halali, na kila atakayekula chako alale salama.