Papa aliuzisha ng'ombe ya dot ya mudogo wangu juu ya mashini yangu

Bonjour batu ya hii page. Admin, tafazali usiweke jina yangu wala kartiye yangu, mutaa yenye ninaishi, juu Bukavu tunajuana wote na ndimi iko mingi. Niko binti wa miaka makumi mbili na munane, sijaolewa, ninaishi na mudogo wangu mwanaume. Bazazi bako mu mugini, Kabare, banalima. Miye nilisoma architecture. Ninachora maplan ya manyumba, na zile picha za 3D zenye mutu anaona nyumba yake mbele hata fondation haijachimbwa. Hiyo kazi njo maisha yangu, na sasa njo inaniua.

Laptop yangu ya université ilikufa mwaka jana. Nililia mpaka Papa akasikia, akashuka mu muji. Alikuwa na ng'ombe moja ya maana, na ile ng'ombe haikuwa ya kuguswa, ilikuwa ya dot, mahari ya mudogo wangu ya kuoa. Kwetu Bashi munajua, bila ng'ombe unaenda kusema nini kwa bukwe, kwa bazazi ba binti? Lakini mudogo wangu yeye mwenyewe njo alisema: "Papa, uzisha. Yaya atafanya kazi, atarudisha ng'ombe, miye nitaoa nyuma." Nilimuapia kama ng'ombe itarudi.

Tukaenda ku magasin miye na Papa, juu ng'ombe ilikuwa yake. Muuzaji akaweka mashini mbili mbele yetu. Akasema: "Hii iko ya bureau. Iko nyepesi, batterie inakaa siku muzima, njo ya batu ya rapport na réunion. Hii ingine banaitaka station, iko na carte graphique ya nguvu ya kutoa picha, ba-ingénieur njo banaipenda, lakini iko nzito na inakula courant, umeme, sana." Miye nilijua 3D inaomba ile nzito. Lakini courant ya kwetu naijua pia, nikaanza kusitasita. Papa akazibeba zote mbili, moja kila mukono, vile anapimaka kuku ku soko. Akarudisha ile nyepesi. "Hii haifike hata mbuzi," akasema. "Ng'ombe yangu iko huku." Magasin yote ikacheka, na miye nikacheka. Tukachukua nzito.

Bandugu, ile mashini iko muzuri, sitadanganya. Ikipata courant, inatoa picha mpaka unaona kivuli ya dirisha ku ukuta. Lakini ipate wapi? Ku nyumba tuko na panneau moja kidogo ya jua na convertisseur ya kugeuza courant yake. Nikichomeka tu chargeur, convertisseur inalia, inakata. Courant ya kartiye inakuya wakati inapenda. Batterie yenyewe, picha inafika katikati, mashini inazima, naanza tena upya. Kulikuwa maman moja mucuruzi, alitaka picha ya nyumba yake aonyeshe bana yake. Alingoja, akangoja tena, kiisha akaniambia polepole: "Mwanangu, kazi unaijua, lakini picha yako haitokake." Akaenda kwa mwingine. Na wengine bakamufwata.

Sasa kuko bureau moja kule Katana inatafuta mutu wa kuandika barapport. Kila mutu akuye na laptop yake, na iwe ya kukaa na batterie, juu kule hakuna courant mchana. Banalipa kila mwezi, na ile feza njo ingerudisha ng'ombe. Nilirudi kwa muuzaji, akakubali kubadilisha, nimupatie nzito anipatie nyepesi, lakini anangoja mpaka samedi, jumamosi, tu. Na miye najua vile itakuwa. Nilijaribu plan yangu ku laptop ya rafiki ya namna ile, ikafunguka, kiisha ikagoma kabisa. Nikibadilisha, kuchora kumeisha. Nitakuwa secrétaire mpaka nizeeke.

Nikimulilia Mungu, mambo inazidi. Fiancée, muchumba ya mudogo wangu, kwabo bamechoka kungoja. Mwanaume mwingine wa Sange amekuya na batonton yake, bazee ba jamaa yake, kuomba kuleta pombe ya kumuchumbia. Baba ya binti amesema ataingoja ng'ombe yetu kidogo tu, kiisha atakunywa pombe ya ule mwingine. Na pombe ikisha kunywewa, binti amekuwa wa ule, hakuna tena wa kumuomba.

Sikuweza kubadilisha bila neno ya Papa, ng'ombe haiko yangu. Nikamupigia. Nikamueleza yote. Kiisha akasema: "Miye niliuzisha ng'ombe juu ukuwe architecte. Ukiibadilisha, umechinja ng'ombe yangu bila kuniita." Akakata telefone. Tangu ile siku hanijibu.

Mudogo wangu hajanilaumu hata neno moja, na njo inanimaliza. Kuko salle moja ya mikutano kule juu yenye iko na groupe, jenereta, banakubali nichomeke asubui tu. Njia ni matope na kupanda tu, basi yeye njo ananibebea mashini mu sac ku mugongo. Leo mvua ikatushikia njiani. Akatoa jaketi yake, ile alinunuaka ya kuvaa siku ya dot, akafunika nayo sac, ye akalowana mpaka kutetemeka. Nikamuuliza: "Wee unataka nifanye nini?" Akaangalia chini. "Yaya, usiniulize. Nikijibu nitasema badilisha, na kila siku nitakuona vile unaamuka kwenda kuandika bitu bya batu. Twende, groupe isizime."

Nikatembea nyuma yake nikilia, mvua ilinisaidia asione.

Samedi iko karibu. Nikibadilisha, Papa amenipoteza na miye nimejipoteza. Nikishika, mudogo wangu anakosa bibi, na atanibebea ile sac bila kusema kitu. Nishaurini bandugu, lakini musinitukane, nimechoka. Nifanye nini?