Jehanamu Bila Salamu

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Kibondo, nyumba zilipangwa mstari, na aliyefaidi kuliko wote ni mwinjilisti wetu. Sasa angeweza kututisha kwa moto wa jehanamu nyumba kwa nyumba bila kupanda mlima hata mmoja.

Sisi Waha salamu zetu ni ndefu: unapiga makofi taratibu, unaulizia watoto, unaulizia mbuzi. Yeye hakuwa na muda huo. Pengine kiama kilikuwa kinamsubiri. Alisimama uani akamtangazia bibi yangu, aliyekuwa anapukuchua mahindi, kwamba ataungua. Bibi hakuinua hata kichwa. Kwake, asiyesalimu hajafika, na asiyefika hajibiwi. Mtumishi wa Mungu akaenda zake akilalamika kwamba bibi ana moyo mgumu.

Jioni akaja mke wa mwinjilisti. Alipiga makofi, akaulizia mpaka mbuzi aliyekuwa anaumwa, kisha akaketi kupukuchua na bibi. Habari za Mungu hakuzigusa, hadi bibi alipozianza mwenyewe.

"Huyo Mungu wako ndiye yule wa mumeo?"

"Ndiye huyohuyo, mama."

"Basi mpelekee pole yangu. Kumbe hata yeye hukosa mtu wa kutuma."