Tusi la Mzee Pole

Dukani wateja humwita Mzee Pole, lakini nyumbani ulimi wa fundi huyu wa kompyuta ni upupu mtupu. Jumamosi hiyo ulimi ulifungwa, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi akichambua mchele.

Mezani palikuwa na kompyuta mpya aliyomuundia mkewe, kila kifaa amekifunga kwa mkono wake. Iliwaka vizuri, feni zikavuma, ila haikuiona diski ya kuhifadhia mafaili. Akabadilisha waya wa data. Hakuna diski. Akauhamishia tundu jingine. Hakuna diski. Tusi zito likampanda hadi kooni. Akamtazama mama mkwe, akalimeza, akakohoa.

"Pole, baba," mama mkwe alisema. "Nikuletee maji?"

"Hapana, mama. Asante."

Aliposhika tena bisibisi, mama mkwe alisogea akaiwekea diski kiganja, kama anayempima mtoto homa. "Mbona hii imelala? Vingine vyote vinatetemeka."

Fundi akaufuata waya wa umeme kwa kidole. Ncha moja ilikuwa imekaa barabara kwenye diski. Ya pili ilikuwa inaning'inia nyuma, haijachomekwa popote. Akaichomeka. Diski ikanguruma, kompyuta ikaiona.

Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama fundi.

Mama mkwe akabeba ungo wake. "Mimi naenda uani, baba," alisema. "Nikishafunga mlango, hayo matusi yatoe yote. Yatakupasua kifua."