Kidawa Alipofunikwa Kaniki

Kidawa sasa ameolewa Pande, hatuonani. Zamani alikuwa jirani yangu hapa Kilangala. Alivunja ungo mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, akiwa darasa la saba. Bibi yake Mboni, aliyemlea, akamweka ndani. Mwali hatoki mpaka achezwe unyago, na ngoma hiyo husubiri korosho zivunwe, chakula kipatikane. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa kabla ya korosho.

Mchana watu wote walikuwa shamba la kijiji. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, nikaruhusiwa kubaki nyumbani, nikawa nakaa na Kidawa. Wanafunzi wakipita njiani, Kidawa aliwasikiliza mpaka wasisikike tena.

"Yule anayeburuta miguu ni Tekla," aliniambia siku moja. "Anavaa viatu vya kaka yake."

Nikamwendea bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniibia mwali?"

"Kumwazima tu, asubuhi moja. Akafanye mtihani."

Alitafuna tambuu yake weee, kisha akatema.

"Basi atoke kafunikwa. Mwanamume asimwone uso. Na akirudi na vumbi utamwogesha wewe."

Siku ya mtihani nilimfunika kaniki gubigubi, nikamshika mkono, mtoto wangu mgongoni.

Mwalimu Leonadi, niliyempasha habari mapema, alikuwa amemwekea dawati pembeni, limeelekea ukutani. Lakini msimamizi, mgeni kutoka mjini, alituzuia mlangoni.

"Nani huyu?"

"Kidawa binti Fakihi," mwalimu akajibu. "Ni mwali, bwana. Mila ya huku."

"Mila naijua, mwalimu. Lakini nikimwingiza nisiyemwona uso, kesho nitaulizwa mimi. Afunue kidogo tu."

Nikamnong'oneza, "Funua, mdogo wangu. Bibi hayupo."

Kaniki ikatikisika: hapana. Msimamizi akangoja, akatazama saa yake, akaturudisha kwa upole. Tukakaa nje chini ya dirisha. Ndani zilisikika karatasi tu. Kisha Kidawa akasimama, tukaondoka.

Bibi, ambaye siku hiyo hakwenda shamba, alikuwa uani akipepeta mtama.

"Mbona mapema? Umemaliza yote?"

Kidawa akamweleza. Ungo ukatulia mikononi mwa bibi.

"Sasa si ungemwonyesha, mjukuu wangu?"

"Ulinikataza, bibi."

Kidawa akaingia chumbani, akaurudishia mlango mwenyewe. Bibi akanitazama. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampa ziwa.