Shangazi na Namba Zinazosomeka Kinyume

Mpaka leo nikikutana na yule mwalimu wa shangazi sokoni, salamu yake naitoa kwa kulazimisha ulimi.

Shangazi yangu anayekaa mtaa wa Barani alijiunga na masomo ya watu wazima mwaka juzi, umri wake sitini na kitu. Utotoni alisoma chuo cha Kurani tu, msahafu basi, na jicho lake lilizoea kuanzia kulia. Namba nazo akazisoma hivyo hivyo. Wenzake walimcheka.

Siku moja aliniita barazani, daftari mkononi. "Njoo uone, mwanangu. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Nikiisoma kinyume ni 441. Sasa igeuze na kumi na mbili yenyewe, iwe ishirini na moja. Ishirini na moja mara ishirini na moja ni ngapi?"

Nikapiga hesabu kwa simu: 441. Akanipa na kumi na tatu. Ikatoka 169, na thelathini na moja ikatoa 961. Mimi niliyemaliza sekondari sikuwahi kuonyeshwa jambo hilo.

Alasiri ile nilimsindikiza darasani. Aliinua mkono, akaenda kuyaandika ubaoni. Mwalimu, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, akasema, "Haya, jaribu kumi na nne."

Ikatoka 196. Arubaini na moja ikatoa 1681.

Akacheka. "Umeona? Ni bahati tu. Bibi, wewe jifunze kutia sahihi. Haya mengine waachie wenyewe."

"Najua kumi na nne inakataa," shangazi akajibu. "Ndilo nililokuja kuuliza, mwalimu. Kwa nini inakataa?"

Hakujua. Lau angesema hajui, ningemheshimu. Alichukua kifutio akafuta ubao wote, shangazi akiwa bado amesimama pale mbele ya watu.

"Mwalimu, umeulizwa swali," nikasema, nimeshainuka.

"Wewe si mwanafunzi hapa. Toka nje."

Tukatoka sote wawili, na shangazi hakurudi tena.

Siku ya tatu aliipata sababu mwenyewe: nne mara nne ni kumi na sita, haienei kwenye nafasi ya tarakimu moja, inamwagikia ya jirani na kuvuruga mpangilio.

"Twende ukamwambie!" nikasema kwa hasira.

"Nimwambie nini, naye hakutaka kujua?"

Akafunga daftari, akaenda kutia udhu.