Bakuli la Bluu Kwenye Jedwali la Ruangwa

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Kaburi namba 118. Jinsia: mwanamke, kwa maelezo ya jirani. Jina: halijulikani. Alama: bakuli la bati la bluu, limetobolewa chini, rangi imebanduka ukingoni.

Nilikuwa kwenye chumba tulichopanga kiwe ofisi, Nachingwea mjini, ukuta mmoja na mashine ya kusaga, kila kitu mezani kikiwa na vumbi jeupe la unga. Niliusoma mstari ule, nikainuka, nikaenda kunywa maji. Niliporudi nikafungua picha iliyoambatishwa. Upande mmoja wa ukingo rangi ilikuwa imetoka, umbo la kipande cha ukucha. Mimi ndiye niliyeibandua, nikiwa darasa la pili, nilipoliangusha bakuli lile kisimani. Mama alinichapa, halafu akanipakulia uji humo humo.

Barabara ilikuwa inapanuliwa, na makaburi yaliyokuwa kando yake yalitakiwa kuhamishwa. Upande wa Nachingwea ulikuwa na timu yake, Ruangwa na timu yake. Kila timu ilikuwa na akaunti yake mtandaoni, na ndani ya akaunti hiyo jedwali la makaburi ya upande wake: namba, jina, ndugu wa kutafutwa, alama, picha. Mimi nilikuwa karani wa takwimu wa Nachingwea. Shule niliishia kidato cha nne. Kazi hii nilijifunza njiani, Mbeya, Dodoma, Kahama, kwenye miradi ya watu. Mkataba ukiisha nabeba begi. Nimeishi hivyo zaidi ya miaka ishirini. Kila nilikofika nilianza kupakumbuka nilipotoka, na nikizidiwa na kumbukumbu nilihama tena. Nyumbani tu ndiko sikuhamia. Hata safari hii nilirudi kwa sababu mkataba ulitokea huku.

Karani mwenzangu wa Ruangwa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtani wa kabila letu, mdomo haumlali. Mwanzoni tulishirikishana majedwali bila mpaka: yeye anaandika kwangu, mimi naandika kwake. Siku moja mtu wa timu yao akataka kuyapanga majina kwa alfabeti. Akapanga safu ile moja tu. Majina yakahama, namba zikabaki palepale, na kwa mchana mzima marehemu wa kijiji kizima wakawa wamelala kwenye makaburi ya wenzao.

Nilirudisha jedwali la jana yake, kisha nikamwendea msimamizi wetu. Nikamwambia kuanzia sasa kila akaunti ipewe ruhusa ya kulisoma jedwali la mwenzake, basi. Kuandika aandike mwenye jedwali peke yake. Anayetaka jina lirekebishwe alete fomu, yenye sahihi ya ndugu aliyesimama pale kaburini na ya mwenyekiti wa kijiji. Msimamizi akakubali. Ruhusa zenyewe nilizibana mimi, moja baada ya nyingine, na siku ile nilijiona mtu makini.

Mtani wangu akapiga simu.

"Yaani umetufungia mlango na sisi tuko sebuleni? Nyie ubahili mnazaliwa nao. Hadi maiti mnatunyima!"

"Soma tu, dada. Macho hayaharibu kitu."

"Haya. Siku ukifa nitakuandika 'halijulikani', ukome."

Tulicheka sana.

Mama alikuwa mtu wa Nambilanje, upande wa Ruangwa. Kwetu mwanamke ni wa ukoo wa mama yake, na alipoona ugonjwa umemshinda aliondoka Naipingo, alikotulea, akarudi kwa kaka yake. Akafia huko, akazikwa huko. Mimi nilikuwa Tunduma. Habari ilinifikia wameshamaliza kuzika. Nikasema nitakwenda kwenye arobaini. Sikwenda. Nikasema nitakwenda mkataba ukiisha. Ukaisha, nikaenda Kahama. Mjomba naye akafariki, wanawe wakatawanyika, kibao cha mti chenye jina la mama kikaliwa na mchwa. Likabaki bakuli. Huku kwetu chombo cha marehemu hutobolewa kikawekwa juu ya kaburi lake, kisirudi tena jikoni.

Jumamosi nikaenda Naipingo kwa dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwepo kwenye mazishi. Nilimkuta uani anapeta ufuta, mguu wake mbaya ameunyoosha mbele. Nikampa simu aione picha.

"Ndilo," alisema. "Nililitoboa mwenyewe, kwa msumari na jiwe." Akanirudishia simu. "Na hapa wameandika nini?"

"Wameandika jina halijulikani."

"Halijulikani na nani? Si wewe unayeandika?"

"Naandika ya huku, dada. Ya Ruangwa naruhusiwa kusoma tu."

"Nani kakukataza?"

"Mimi."

Alinitazama, akacheka kidogo bila furaha. "Mdogo wangu. Umeweka kufuli, na ufunguo umeuacha kwa watu."

Nikamweleza habari ya fomu. Akasema, "Basi si unakwenda unasimama pale, wanakuona, unatia sahihi? Mimi mguu huu haunifikishi. Mama atoke pale na jina lake. Kingine sikuombi."

Hilo ndilo lililotakiwa, nisimame pale. Kwa bodaboda ilikuwa safari ya asubuhi moja. Na hilo ndilo lililonishinda. Jumatatu nikasema nina kazi nyingi. Jumanne mvua ya manyunyu. Ukweli ni kwamba sikujua ningemwambia nini mtu ambaye sikumzika, tena nifike mbele yake na fomu mkononi.

Jumatano nilifanya jambo ambalo mpaka leo naliona aibu. Anayeruhusiwa kusoma jedwali anaweza kulinakili. Nikalinakili jedwali la Ruangwa, nikaiweka nakala kwenye akaunti yangu binafsi, na kwenye nakala ile mwenye mali nikawa mimi. Nikaenda kwenye 118. Nikafuta "halijulikani", nikaandika jina la mama na la baba yake. Nikalitazama. Moyo ukatulia, kama mtu aliyekwenda na kurudi.

Nilijua vizuri kwamba ile ni nakala. Vijana niliowafundisha kazi hii nilikuwa nawaambia kila siku: ukiandika kwenye nakala umejiandikia mwenyewe, kule kwenye jedwali halisi hakuna aliyekusikia. Nilijua hivyo, na Jumamosi iliyofuata nikampelekea dada simu.

Dada anasoma taratibu. Aliweka kidole chini ya jina, akalifuata mpaka mwisho.

"Limekaa vizuri," alisema. "Ahsante, mdogo wangu. Sasa nitalala."

Hapo ndipo nilipaswa kusema, dada, bado. Nikasema, "Haya, dada."

Makaburi ya Nambilanje yalipangiwa mwezi uliofuata. Nikajiahidi kwenda katikati ya wiki, nikamalize, uongo wangu uwe kweli kabla haujagundulika. Lakini mvua zilianza kuonyesha dalili mapema, na wajenzi wakaivuta ratiba mbele. Alhamisi mchana mtani wangu akapiga simu kuhusu jambo lingine kabisa, picha fulani zilizokataa kufunguka. Katikati ya maongezi akasema, "Nimechoka mie, tangu juzi tuko Nambilanje. Leo ndiyo tumemaliza."

"Mmemaliza nini?"

"Kuhamisha. Kwani hukupata taarifa?"

"Na 118?"

Nikamsikia anafungua karatasi. "Haina jina hiyo. Zisizo na jina zimewekwa pamoja, masanduku tisa kaburi moja. Kwani vipi, mtani?"

Nikaifungua tena picha ya bakuli.

"Mtani? Una mtu kule?"

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani.

"Si ungenipigia," alisema. "Kule nilikuwa nakwenda kila wiki. Ungesema tu naogopa, njoo tusimame wote. Ningekucheka, halafu ningekuja."

Masanduku yote tisa yalifanana, na wakati wa kuyashusha namba zilibanduliwa, kwa kuwa kaburi lilikuwa moja. Nilimuuliza hilo mara tatu, kwa maneno tofauti. Jibu lilikuwa lilelile.

Mkataba wangu ulipoisha ruhusa yangu iliondolewa, na leo nikilifungua jedwali la Ruangwa naambiwa sina idhini. Nakala ndiyo ninayo. Hufunguka wakati wowote ninapotaka, na jina la mama liko pale, limeandikwa sawasawa, mbele ya namba 118.

Dada nilimwambia siku ileile ya Alhamisi, kabla jua halijazama, nikiwa nimesimama kwa sababu hakunikaribisha kiti. Nilimweleza yote, nakala na jedwali halisi, na kwamba nilijua. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja.

"Kwa hiyo lile jina nililoliona lilikuwa la kwako peke yako?"

"Ndiyo, dada."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amefunga unga wa mtama, wa kuwaamkia wafu, kwenye pindo la kanga. "Kesho tafuta gari," akasema.

Makaburi mapya yako kwenye mteremko, udongo bado mwekundu, yamepangwa kwa mistari. Kaburi la wasio na jina ni refu kuliko mengine, na mbele yake kuna kibao cha saruji: WASIOJULIKANA. Dada alishuka garini akiniegemea. Akamuuliza mlinzi vyombo viko wapi.

"Vilibaki kule chini, mama. Greda limeshapita."

Aliniachia bega, akaanza kutembea kando ya kaburi lile kwa mguu wake mbaya, hatua fupi fupi. Kila baada ya hatua moja aliinama, akaweka unga kidogo, akasema, "Shikamoo, mama," akasubiri, akaendelea. Unga aliubeba wa mtu mmoja. Wa kwanza alimpa konzi nzima. Wa nne alimpa kwa vidole viwili. Kwa wa nane alikung'uta pindo la kanga mpaka likawa safi. Alipofika wa tisa alisimama tu, mikono mitupu, akawa anaitazama ardhi.

Kisha akageuka kunitafuta.

"Njoo umwamkie mama yako," alisema. "Anzia huyu. Huyu hakupata."