Katani ya Mwikali

Kathiani nzima ilijua kwamba katani ikipita mikononi mwa Mwikali hutoka imebadilika. Mwenyewe alijua pia, na hakuwa mtu wa kujishusha. Vyondo vyake vilibeba mahindi miaka kumi bila kulegea, na mwanamke aliyewahi kujaribu kumfundisha kusokota uzi alirudi kwake na aibu zake. Hebu niambie basi, nani angethubutu kumwambia asiitie katani mafuta?

Mumewe, Ndolo, alipoteza mguu wa kulia chini ya goti kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya. Alipewa mguu wa bandia, na ndani yake soksi nene ya silikoni, ule mpira laini unaokinga kigutu kisichubuke. Lakini soksi ile ilitengenezewa watu wanaotembea sakafuni. Vilima vya Kathiani viliichana kwa miezi minne. Magongo nayo yakawa yanateleza kwenye matuta ya shamba, na Ndolo akabaki kitini uani, akitazama kuku wa jirani. Kila asubuhi Mwikali alimshika kwapani kumpeleka chooni, na kila asubuhi Ndolo aliangalia kando. Hilo lilimuuma Mwikali kuliko mguu wenyewe.

Aliyeleta tumaini ni Yasin, fundi wa miguu ya bandia mjini Machakos. Alikuwa akijaribu kuchanganya katani iliyokatwa fupi kama punje za mchele ndani ya silikoni ikiwa bado uji, ili ikikauka isichanike upesi. Mwikali akampelekea konzi moja, ghafi, kama ilivyoanuliwa kwenye waya. Yasin akatengeneza kipande cha ukubwa wa kiganja. Wakakivuta, huyu huku na yule kule, mpaka wakacheka. Hakikuchanika.

"Mama, niletee ingine kama hii," Yasin alisema. "Lakini ujue silikoni imebaki mkebe moja tu. Wale watu wa mradi walikuwa wanaileta walienda, na hawarudi."

"Asi! Hiyo nitakuletea itashinda hii, daktari."

Wiki nzima hakushika kazi nyingine. Aliikwangua katani upya, akaiosha mara tatu, akaianika. Kisha akafanya anavyofanya kwa vyondo vya harusi: akajipaka mafuta kidogo pajani, akazisugua nyuzi hapo kwa kiganja mpaka zikalainika na kung'aa. Kitu cha mume wangu, alijiambia, hakiendi mjini na sura ya ovyo. Ndolo naye, bila kuambiwa na mtu, akachukua rangi na kung'arisha viatu vyote viwili.

Yasin alimimina mkebe wote. Siku alipofungua kalibu iliyoiumba soksi, Mwikali alikuwa amesimama hapo hapo, na soksi ilitoka nzuri ajabu. Yasin aliivuta kidogo tu kuijaribu, ikaachana kama mkate. Nyuzi zikachomoza safi, hazijashikana na chochote.

"Mama, hii uliipaka nini?"

"Mafuta. Kidogo tu, ndio iwe laini."

Yasin akakaa chini. Hakumgombeza, na Mwikali alitamani sana agombezwe. "Penye iko mafuta, mpira haishiki," alisema. "Makosa ni yangu. Sikukuambia."

"Basi tuioshe."

"Imeshakauka, mama."

"Kesho nitakuletea ingine, hata gunia."

"Katani si shida. Silikoni ndio hakuna."

Mwikali aliitazama mikono yake, hiyo hiyo iliyosifiwa na kila mtu, na hakujua aiweke wapi.

Alfajiri alikuwa ameondoka nyumbani, na aliporudi jua lilikuwa limeinama. Ndolo alikuwa kitini mlangoni, viatu vyake viwili vimepangwa kando yake.

"Imeshika?" akauliza.

Mwikali akamweleza yote, hata mafuta. Hakuficha. Ndolo akakiinamia kiatu cha kulia na kumpa.

"Hii ingiza ndani," alisema. "Isipate vumbi."

Halafu akainua mkono ashikwe kwapani, maana alikuwa amejizuia haja tangu asubuhi akimngoja.